Kambale Wadogo kwenye Joto la Diani: Pesa Iende Wapi

Ni mwezi wa Machi, saa nane mchana. Kipimajoto kilichobandikwa kwenye kioo cha tangi langu hapa Ukunda kinasoma nyuzi 31. Kaskazi inavuma vuguvugu, stima imekatika tangu saa nne, na chini ya tangi koridora sita, kambale wadogo wa kufugwa nyumbani, wamelala juu ya mchanga, kila mmoja na kivuli chake. Mara mmoja anachomoka hadi juu, anameza funda la hewa na kurudi chini kwa kasi ile ile. Dakika mbili baadaye anafuata mwingine. Samaki huyu hupumua kwa matamvua kama wenzake, lakini hewa anayoimeza humpa oksijeni kupitia utumbo. Siku ya kawaida hupanda mara chache tu. Siku ukiona wote sita wanapanda na kushuka, maji yameanza kuwaelemea.

Nimewafuga kambale hawa wadogo kwa miaka sita, na nimenunua vifaa mara mbili: mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri. Bei ninazozitaja hapa ni nilizolipa au kuulizia mwenyewe Ukunda na Mombasa, na kwako zinaweza kupanda au kushuka. Lakini uwiano wake haubadiliki sana, na huo ndio ninaotaka tuuangalie. Maelekezo mengi ya ufugaji wa samaki wa nyumbani yametoka nchi za baridi. Anayeyafuata neno kwa neno kuanzia Tiwi hadi Msambweni atalipia hita asiyoihitaji na mtungi wa gesi ya kaboni asiouhitaji, kisha pesa imwishie kabla hajafika kwenye mchanga, ambao ndio nyumba yenyewe ya samaki.

Mara ya kwanza nilinunua seti kamili: tangi, taa, chujio, hita, kokoto za rangi ya samawati na mimea ya plastiki. Shilingi 14,500, bila samaki hata mmoja. Tangi lilikwenda juu, sentimita 40 kwa 30, kimo 45. Muuzaji aliniambia ni la lita 54, na kweli ni lita 54. Mara ya pili nilimwendea fundi wa vioo, akanikatia 60 kwa 30, kimo 30. Zidisha uone: nalo ni lita 54 zile zile. Ila sakafu ya la kwanza ni sentimita za mraba 1,200, na ya la pili ni 1,800. Koridora hutembea chini, hula chini na kulala chini. Kwake yeye tangi la pili ni kubwa kwa nusu nzima kuliko la kwanza, ingawa maji ni yale yale.

Tangi la fundi lilitumia kioo kama futi nane za mraba. Nilimuuliza kama milimita tano haitoshi. “Itatosha, kaka,” akasema, “lakini chukua sita ulale usingizi.” Nilichukua sita. Kioo shilingi 2,000, silikoni 500, ufundi 1,000: jumla 3,500. Silikoni uichague mwenyewe dukani, usimwachie fundi. Ile ya bafuni huwa imetiwa dawa ya kuua kuvu, na dawa hiyo huua samaki pia. Iache ikauke hadi ile harufu kama ya siki iishe kabisa, kisha jaza maji nje uwanjani na ulaze usiku mmoja kabla hujaliingiza tangi ndani. Likijaa maji na mchanga linakaribia kilo 75. Meza ya mbao zilizobanwa kwa gundi huvimba kwa unyevu wa pwani na kupinda. Langu liko juu ya kibaraza cha saruji ukumbini, mbali na dirisha la magharibi, na kibaraza hicho sikukilipia kitu.

Sasa mchanga. Hapa nitakaa kidogo.

Koridora hula kwa kutumbukiza uso. Anachota mchanga kwa mdomo, anachambua kilicho chakula, na unaobaki unatokea kwenye matamvua kama moshi mwembamba. Ukisogeza jicho kwenye kioo unaziona sharubu zake zikipapasa punje moja moja, nyembamba kama uzi, hazitulii. Zile kokoto zangu za samawati zilikuwa na kingo kali, na chakula kilizama katikati yake kikaoza mahali ambapo hakuna samaki angeweza kukifikia. Kufika mwezi wa tatu sharubu za mmoja wao zilikuwa vijiti viwili vifupi vyenye wekundu. Samaki wa namna hiyo anaendelea kuchokora kwa mazoea, lakini chakula hakioni.

Watu wa huku tuna mchanga wa aina tatu wa kuchagua. Wa kwanza ni wa ufuo, mweupe, unaong’aa, na wa bure. Kabla hujaushika kwa ajili ya tangi, weka kijiko kimoja mkavu kwenye kisahani na umwagie siki. Nilioupima mimi kutoka Diani ulichemka pale pale, povu jeupe, na mlio kama wa soda iliyofunguliwa. Ni chokaa ile: vipande vya makombe na matumbawe yaliyosagika. Ndani ya tangi chokaa huyeyuka polepole na kuyafanya maji yawe magumu zaidi kila wiki, na maji yetu ya visima tayari ni magumu. Mchanga huo una chumvi pia. Zaidi ya hayo, ufuo si wa kuchotwa. Watu wa Waa na Tiwi hawajasahau malumbano ya mchanga uliochotwa baharini kwa ajili ya reli ya SGR.

Wa pili ni wa ujenzi. Nilinunua karai moja kwa shilingi 50, siki haikutoa povu, nikajiona nimepata. Kisha nikaanza kuuosha. Udongo mwekundu ulitoka maji baada ya maji, na hadi yalipokuwa meupe nilikuwa nimemaliza mitungi mitano ya lita 20, kila mtungi shilingi 40 kwa mwenye mkokoteni. Mchanga wa shilingi 50 ulinigharimu 250 na asubuhi nzima, na ulipotulia bado punje zake zilikuwa mchanganyiko, nyingine kali kama vipande vya chupa. Ukiuchekecha kwa chekeche ya unga na kuutupa ule mkubwa, unafaa. Mwenye muda na kisima chake anaweza kuuchagua huo.

Wa tatu ndio nilionao sasa, na hoteli za Diani ndizo zilizoufanya upatikane hapa: mchanga wa kuchujia maji ya mabwawa ya kuogelea. Punje zake ni za kiasi kimoja, ndogo, zimelainika, na kwa kuwa ni silika tupu siki haiuchemshi. Wauzao vifaa vya mabwawa huuuza kwa mfuko wa kilo 25, nami nililipa shilingi 1,800. Kwa sakafu ya 60 kwa 30 na kina cha sentimita nne unahitaji lita saba na kitu, yaani kama kilo 12. Mfuko mmoja ni matangi mawili, kwa hiyo niligawana na jirani, kila mtu 900. Usugue kiganjani kabla ya kulipa. Ukichoma, mwambie akuletee mwingine. Nje ya samaki wenyewe, hakuna pesa niliyoitoa ikanirudishia zaidi ya hiyo mia tisa.

Samaki nao wana bei zinazodanganya. Kwenye matangi ya wauzaji utaonyeshwa koridora wa aina mbili au tatu wanaofanana ukubwa. Mmoja ni mwenye madoadoa ya kijivu, Corydoras paleatus, na ndiye aliyekuwa wa bei nafuu nilipoulizia: shilingi 500. Ni samaki mwenye historia, kwa sababu wa kwanza kuelezwa na wanasayansi walikusanywa na Charles Darwin katika safari yake ya meli ya Beagle, na Leonard Jenyns akawaandika mwaka 1842. Lakini kwao ni Argentina, Uruguay na kusini mwa Brazili, kwenye maji ya nyuzi 18 hadi 23. Maji ya namna hiyo kwetu yamo kwenye friji tu. Mkazi wa Limuru amnunue, atamfaa sana. Wa Diani akimnunua, anaokoa shilingi mia na kumpoteza samaki kaskazi ya kwanza.

Wa pili ni wa rangi ya shaba, Corydoras aeneus, ambaye makao yake yanaanzia kisiwa cha Trinidad na kuingia Amerika Kusini. Hufika sentimita sita au saba, hustahimili maji magumu kiasi kwa kuwa wengi wanaouzwa wamezaliwa kwenye mabwawa ya wafugaji, na nyuzi 27 au 28 anazivumilia. Nilimlipia 600. Wa tatu ni Corydoras sterbai wa mto Guaporé, mpakani mwa Brazili na Bolivia, mwenye vitone vyeupe kichwani na mapezi ya ubavuni yenye rangi ya chungwa. Huyu ndiye mvumilivu wa joto kuliko wote wanaopatikana kwa urahisi, na kama pesa ingekuwa si neno ningekwambia umchukue bila kufikiri. Lakini niliambiwa 1,500 kwa mmoja, na koridora hanunuliwi mmoja.

Nakaza hilo kwa sababu wengi hununua wawili, eti wasafishe tangi. Koridora mmoja au wawili hujificha nyuma ya jiwe siku nzima na kukonda. Wakiwa sita hutembea pamoja, hulala wamebanana, na mmoja akigundua chakula wote wanafika. Sita wa shaba ni shilingi 3,600, sita wa sterbai ni 9,000. Anayetunzwa vizuri huishi miaka mitano na kuendelea, kwa hiyo gawanya: wa shaba ni shilingi 60 kwa mwezi kwa kundi zima, sterbai ni 150. Mimi nilichukua wa shaba na tofauti nikaitia kwenye feni, nitakuja kuieleza. Nyumba yako ikiwa ya mabati bila dari, tangi likifika nyuzi 30 kila mchana wa Februari, basi sterbai ndiye wa bei nafuu kwako, kwa sababu hutamnunua mara ya pili. Na ukikuta kibandiko kimeandikwa Osteogaster au Hoplisoma, ni wale wale. Mwaka 2024 wanasayansi waliligawa kundi la Corydoras na kuwapa baadhi yao majina mengine. Usilipie jina jipya.

Wala hawasafishi tangi. Hawali kinyesi cha samaki wengine na hawali mwani wa kwenye kioo. Wanataka chakula chao kinachozama, na wanakitaka jioni taa zikizimwa. Kopo langu la shilingi 600 linakaa miezi minne. Mara moja moja nawapa nyungunyungu aliyekatwakatwa. Viluwiluwi wa mbu ni chakula kizuri mno, ila ndoo ya kuwafuga nyumbani sikushauri hata kidogo, kwa kuwa siku moja ukisahau umewarukisha mbu mtaa mzima, na malaria ya Kwale tunaijua.

Kuna samaki wanaouzwa pembeni mwa koridora ambao ningewaacha. Yule mweusi anayefyonza vioo, anayeuzwa urefu wa kidole kwa shilingi 300, hupita sentimita 30 na bado anakua. Watu wakishindwa naye humtupa mtoni, na huko Florida, Meksiko na Bangladesh jamaa zake wamekuwa balaa la mito. Mito yetu ya Mwachema na Mkurumudzi haihitaji msiba huo. Kambale wetu wa kawaida, yule wa kuliwa, kifaranga chake ni cha bei ya chini kabisa kwa wafugaji wa mabwawa, na watoto humpenda kwa sharubu zake. Hufika mita moja na zaidi, na kabla ya hapo atakuwa amewameza wenziwe wote. Halafu yuko kambale wa baharini mwenye mistari, ambaye wachanga wake hutembea kwenye maji ya matumbawe wamejikusanya kama mpira mmoja mweusi. Anavutia, lakini miiba yake ina sumu kali, na maji ya chumvi yanataka vifaa vya bei nyingine kabisa. Samaki wa matumbawe waachie walio na leseni, na ndani ya hifadhi ya bahari ya Kisite hakuna wa kuchukua hata mmoja.

Mmoja ningemfikiria kwa dhati, kama nafasi ipo. Ziwa Tanganyika lina kambale wadogo wa jamaa ya Synodontis, ndugu wa wale wanaoitwa gogogo Ziwa Viktoria upande wa Tanzania. Synodontis petricola na mwenzake lucipinnis hufika kama sentimita kumi, wenye madoa meusi, na mapezi yaliyopakwa cheupe ukingoni. Maji ya kwao ni magumu, pH yake hupita 8.5, joto nyuzi 25 hadi 27. Soma tena sifa hizo ukifikiria kisima cha mawe ya matumbawe. Kwa mtu wa Gazi au Msambweni mwenye maji magumu yasiyo na chumvi, huyu anafaa kuliko yeyote wa Amerika Kusini. Gharama yake iko kwenye tangi, maana anataka urefu wa sentimita 90 na zaidi, na mapango ya mawe. Kioo peke yake kitakula mara mbili ya ulichopanga.

Na kabla sijaondoka kwenye samaki wa nyumbani kwetu: kwenye vidimbwi vya msimu vya Kwale, hata maeneo ya Gazi, anaishi Nothobranchius palmqvisti, aliyeandikwa na Lönnberg mwaka 1907. Hapiti urefu wa kidole, dume ana mkia mwekundu, na maisha yake yote ni miezi michache. Dimbwi likikauka mayai hubaki hai kwenye tope hadi mvua nyingine. Yeye si kambale, na vidimbwi vyake vinafukiwa mwaka hadi mwaka kwa mashamba na nyumba, kwa hiyo simwambii mtu akamchote. Namtaja kwa sababu ninasikia watu wakisema huku kwetu hakuna samaki mzuri ila wa baharini, na inaniuma.

Kusafirisha nako kuna gharama. Koridora ana miiba migumu kwenye mapezi ya ubavuni na mgongoni, na akiogopa huisimamisha ikatoboa mfuko wa plastiki. Mimi huenda Mombasa na ndoo yenye kifuniko, maji nusu, hewa nusu, imefunikwa kwa kanga mbichi. Narudi kwa feri ya alfajiri. Foleni ya Likoni ya saa saba mchana imeshaua samaki wengi kuliko ugonjwa.

Maji ya kuwawekea yana njia nne, na bei si kigezo cha kwanza. Pwani yetu imekaa juu ya matumbawe ya kale, na maji yanayopita humo hubeba chokaa. Kisima kilicho karibu na ufuo huwa na chumvi pia, kwa sababu bahari hupenya chini kadiri tunavyovuta. Onja. Ukiihisi chumvi ulimini, koridora hataiweza, kwani kambale hawa hawana magamba ya kawaida na chumvi huwaumiza mapema. Maji ya bomba ni mazuri ukiyaacha kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke. Maji ya kujaza, yale yaliyosafishwa ya kunywa, yamenyang’anywa karibu madini yote na ni ghali bila sababu. Yanayobaki ni ya mvua. Yangu hutoka kwenye bati, si kwenye makuti, na ya kwanza ya msimu nayaacha yaoshe paa. Nachanganya nusu ya mvua na nusu ya kisima cha pampu ya mkono, ile Afridev ambayo Kwale ilikuwa mojawapo ya sehemu ilikojaribiwa miaka ya 1980. Kila wiki natoa robo, haifiki mtungi mmoja. Hata mwezi ambao nimenunua maji yote kwa mkokoteni, sikuvuka shilingi 160.

Maji magumu yana faida moja ambayo vitabu vya nchi za mbali haviisisitizi kwa mtu wa matumbawe. Mimea ya majini inataka kaboni, na ndiyo maana wengine hununua mtungi wa gesi, vali na bomba kwa bei inayozidi tangi lenyewe. Lakini valisneria, yenye majani marefu kama utepe, na ule mmea unaoelea wenye vijani kama mkia wa paka, seratofilamu, huweza kuichukua kaboni kutoka kwenye bikaboneti iliyomo majini. Kisima cha matumbawe kimejaa bikaboneti. Valisneria yangu ilianza na miche mitatu ya shilingi 100 mmoja mmoja. Mwaka haujaisha ilikuwa imetambaa ukuta mzima wa nyuma, na sasa naing’oa na kuigawa. Anubia ni ghali, 700 kwa kichipukizi, na hukua jani moja kwa mwezi, lakini haifi kwa joto wala kwa kiza. Ifunge kwa uzi juu ya jiwe au gogo, usiufukie mzizi wake mnene. Kriptokorini huyeyuka ukiihamisha kisha hurudi, basi usiitupe wiki ya kwanza. Kwa mboji, Diana Walstad aliandika mwaka 1999 kitabu kizima juu ya kutumia udongo wa kawaida chini ya mchanga. Mimi sikuutandaza, kwa kuwa koridora wanachimba na joto letu huharakisha kuoza. Nilitia udongo wa shamba kwenye vikombe viwili vya udongo wa kufinyanga, nikafunika kwa mchanga na kuvizamisha hadi shingo. Gugumaji usiingize nyumbani hata kama limechanua.

Stima nimeihesabu kwa shilingi 30 kwa uniti ili nisijidanganye. Pampu ya hewa yenye chujio la sponji, wati tano usiku na mchana, ni uniti 3.6 kwa mwezi: shilingi 108. Taa ya LED ya wati kumi kwa saa nane ni uniti 2.4: shilingi 72. Hita ya wati 100 ikiwaka nusu ya siku ingekula uniti 36, shilingi 1,080 kila mwezi, na hapa haina kazi. Hata Julai, kusi ikivuma na watoto wakivaa sweta asubuhi, tangi langu halijashuka chini ya nyuzi 24. Ile hita iliyokuja na seti ilikwama ikiwa imewaka usiku mmoja wa Februari. Asubuhi maji yalikuwa nyuzi 36, na koridora wanne niliokuwa nao wakati ule walikuwa wamekufa. Toka siku hiyo hita haijaingia tena tangini mwangu.

Pesa ya hita niliipeleka kwenye feni ndogo ya kubana, wati 20, inayopuliza juu ya maji kuanzia saa tano hadi magharibi miezi ya kaskazi. Ni kama uniti nne na nusu, shilingi 135 kwa mwezi, na hushusha nyuzi mbili hadi tatu. Maji yanayokauka kwa upepo huo uyarudishie kwa ya mvua, kwa sababu kinachokauka ni maji matupu, chokaa inabaki, na ukijazia ya kisima unairundika. Joto lina hatari ya pili isiyoonekana. Maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu tisa za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba saba na nusu. Na ammonia inayotokana na uchafu wa samaki huwa kali zaidi maji yakiwa ya moto na yenye pH ya juu, yaani maji yetu hasa. Kwa hiyo tangi jipya liache lizunguke wiki nne hadi sita likiwa na mimea tu, halafu tia samaki watatu, baada ya wiki tatu wengine watatu. Kwa siku za stima kukatika nina pampu ya betri ya shilingi 900. Usijaze tangi hadi ukingoni. Acha vidole viwili vya hewa chini ya kifuniko, ile safari yao ya juu isiishie kwenye kioo.

Jumla yangu ya mara ya pili ilikuwa hivi: tangi 3,500, taa 1,500, pampu na sponji 1,200, mchanga 900, mimea 1,000, feni 1,400, pampu ya betri 900, samaki 3,600, chakula 600. Ni 14,600. Nimezidisha shilingi mia moja tu juu ya bei ya ile seti iliyokuwa haina samaki. Kwa mwezi, stima, maji na chakula haviniondolei zaidi ya 500, na kaskazi feni ikiwa inafanya kazi huongezeka kama 135. Anayetaka kupunguza aanze bila betri na achume mimea kwa rafiki. Mchanga na idadi ya samaki asiguse.

Mwaka jana mvua za mwaka zilipoanza, nilibadilisha nusu ya maji kwa ya mvua yaliyolala nje usiku, yakiwa baridi. Siku ya pili asubuhi kundi lote lilikuwa likikimbizana mbele ya kioo. Jike mmoja mnene alisimama, mapezi yake ya tumboni yamefungwa kama kiganja, na ndani yake mayai manne. Aliusugua kioo kwa mdomo, akageuka, akayabandika moja baada ya jingine. Nilihesabu hadi sitini nikapotelewa. Kwa kuwa wazazi huyala, niliyabandua taratibu kwa wembe mpya, nikayatia kwenye bakuli lenye jiwe la hewa. Siku ya nne yalikuwa yameanguliwa. Kumi na tisa walifika ukubwa wa punje ya mpunga na kuendelea. Wanane nilimpa yule jirani wa mchanga, naye akanipa nusu ya mfuko wake wa pili na ndoo ya kriptokorini. Kwa hesabu ya dukani, wale wanane ni shilingi 4,800.